Mrija wa Bibi

Katika jiko letu la Biryogo kuna mrija wa chuma, na kila mke aliyeingia nyumba ile alifundishwa kuutumia kabla hajakabidhiwa sufuria. Urefu wake ni sentimita 58. Ni mzito kuliko unavyoonekana, na ubavuni, karibu na mdomo wa kupulizia, una tundu dogo ambalo njiti ya kiberiti hupita kwa shida. Siku yangu ya tatu baada ya harusi niliinama kuwasha makaa ya chai, nikapuliza kwa nguvu zote, pumzi ikatokea ubavuni na majivu yakanirudi machoni. Mama mkwe akaja, akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake, akakishika kidole gumba changu na kukiweka juu ya lile tundu.

"Ziba tundu kwanza, mwanangu. Ndipo upulize."

Nikaziba kwa miaka kumi na mmoja. Hakuna aliyeuliza tundu lile ni la nini. Tulijua tu kwamba mrija ulikuwa wa mama mzazi wa mama mkwe, na kabla yake ulikuwa wa babu yake, aliyefika Kigali na msafara kutoka Tabora wakati wa Wajerumani, akawa miongoni mwa Waswahili wa mwanzo waliojenga huku ambako msikiti wa Al-Fat'h ulisimamishwa mwaka 1913. Watoto wangu wanamwita mama mkwe Bibi, kwa hiyo mrija nao ni mrija wa Bibi. Usipoonekana asubuhi, hakuna anayekunywa chai mpaka upatikane.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Kibanda chake kiko mbele ya nyumba, na milango mingi ya vyuma mtaani kwetu imetoka mikononi mwake. Tangu ujana anapenda bunduki za kale za risasi moja, zile ambazo ukishapiga lazima usimame ujaze tena. Hajawahi kumiliki hata moja wala hajawahi kuitafuta. Nchini kwetu silaha ya moto haikai nyumbani bila kibali, na sheria hiyo anaiunga mkono kwa moyo wote. Anachokusanya ni habari zake. Ana madaftari saba ya karatasi za mistari, na mara nyingi usiku, watoto wakishalala, hunisomea.

Kinachomvuta si vita, ni mafundi. Anawatafuta watu wenye karakana ndogo ambao majina yao yalimezwa na viwanda vikubwa. Ameandika kuhusu Jacob Snider, Mmarekani aliyevumbua njia ya kuigeuza bunduki ya kujaza mdomoni iwe ya kujaza nyuma. Waingereza waliichukua kazi yake, naye akafa mwaka 1866 akiwa bado anadai haki yake. Chini ya jina hilo Baba watoto amepiga mstari mara mbili, kwa sababu na yeye ana milango aliyoifunga ambayo haijalipwa. Ameandika kuhusu Friedrich von Martini wa Frauenfeld, Uswisi, aliyeuboresha mtambo wa Henry Peabody wa Boston, na kuhusu ndugu wawili wa Oberndorf, Wilhelm na Paul Mauser, wana wa fundi bunduki. Bunduki yao ya mwaka 1871 ndiyo waliyobebeshwa askari wengi wa Kijerumani huku kwetu. Baruti yake nyeusi ilitoa moshi mweupe mzito, na mwaka 1914 ilipokuwa bado mikononi mwa askari wale, moshi huo ndio uliomwonyesha adui mahali walipojificha. Kila tukipita karibu na nyumba ya Richard Kandt, Mjerumani aliyeanzisha kituo cha Kigali mwaka 1907, nyumba ambayo sasa ni makumbusho, Baba watoto hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea na mazungumzo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, umekwisha. Mama mkwe alikuwa Rwamagana kwa wifi yangu aliyejifungua, na akika ya mtoto ilikuwa ifanyike kwetu siku ya pili yake. Mimi nilikuwa naanika nguo. Baba watoto akasema atawasha moto mwenyewe. Nikasubiri harufu ya chai, isije. Nilipochungulia jikoni nilimkuta amechuchumaa mlangoni, mrija ameuinua kwenye mwanga na anauzungusha taratibu.

"Mama watoto, umewahi kuona kwamba huku nyuma una pande nane?"

Nilikuwa naziona kila siku. Ndizo zinazouzuia usibiringike kutoka mezani. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kuupima kwa vidole, akaingiza njiti kwenye tundu la ubavuni, akaitoa, akaitazama. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Kwa miaka yote ile alikuwa akitafuta habari za vitu hivyo kwenye vitabu vya kuazima na simu za marafiki, na kimoja kilikuwa jikoni kwa mama yake, kimejaa masizi.

Alichukua beseni langu jekundu, kubwa kuliko yote, akamimina mafuta ya taa na kuulaza mrija humo mpaka usiku ili kutu na masizi vilegee. Kisha akausugua kwa majivu, na baada ya hapo akaulowesha kwa siki, chupa mbili nilizonunua kwa ajili ya kachumbari ya akika. Saa tisa usiku akaniamsha.

"Njoo uone mshono."

Siki hukila chuma kwa kiasi tofauti palipo laini na palipo pagumu. Chini ya taa ya simu niliona mstari mwembamba ukipita toka mwisho mmoja hadi wa pili, ukipinda kidogo katikati. Baba watoto aliupitishia ukucha kama mtu anayesoma kwa kidole. Akanieleza kwamba mrija ule ulianza kama bamba bapa la chuma. Fundi alilikunja juu ya fimbo, akapandisha ukingo mmoja juu ya mwingine, akalirudisha motoni mpaka likawa jeupe, kisha akaligonga kwa nyundo hadi kingo zikashikana. Hakuwa na umeme wala vijiti vya kuchomelea. Alikuwa na jicho lake tu la kujua ni rangi gani ya moto inayokubali kuunga. "Mimi nikiunga vibaya, mlango utaanguka," alisema. "Huyu angeunga vibaya, mtu angepoteza uso."

Karibu na tundu kulikuwa na alama ndogo kuliko punje ya kunde: duara refu, na ndani yake herufi E, L na G na nyota chini yake. Hapo alilia. Sikuwahi kumwona akilia tangu msiba wa baba yake. Alama hiyo ilikuwa kwenye daftari lake la tatu, ameichora kwa kalamu ya risasi miaka mingi kabla. Ni ya nyumba ya majaribio ya Liège, Ubelgiji, iliyoanzishwa mwaka 1672, ambako kila mtutu ulifyatuliwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla haujaruhusiwa kuuzwa. Mwaka 1893 waliongeza taji juu ya duara. Wetu hauna taji, maana yake ulipita pale kabla ya hapo. Akamulika ndani: laini, hakuna mifereji. Ulikuwa mtutu wa gobore la gumegume, la kujaza mdomoni, aina iliyotengenezwa kwa wingi ili kuuzwa Afrika. Kitako kilishapotea, mtambo ulishapotea, nyuma ulikuwa umekatwa na mbele umekatwa. Lile tundu dogo ndilo cheche ya jiwe ilikopita kuifikia baruti.

Nilitazama kidole gumba changu.

Tulikaa mpaka adhana ya alfajiri. Alinieleza kwamba kabla ya mwaka 1889, wafanyabiashara wa Liège walipoungana kujenga kiwanda kikubwa kule Herstal ili kuliundia jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000 za Mauser, kazi nyingi ya bunduki ilifanyika majumbani. Wenye kufua mitutu walikaa kwenye bonde la mto Vesdre. Mwingine alichonga vitako kijijini kwake, mwingine alitengeneza mitambo mezani pa chakula. Kazi ilihama kutoka nyumba hadi nyumba, na wanawake ndio waliobeba mitutu mgongoni kwenye vikapu, wakaipeleka kwa mafundi na kwenye majaribio. Baadaye bunduki zilipakiwa melini. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinaingia bara kila mwaka kupitia pwani ya Afrika Mashariki. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipozuia bunduki za kisasa, hizi za gumegume ziliachiwa mlango. Moja ikafika Tabora, na kutoka Tabora ikafika kwa babu. Sijui ilifanya nini njiani, na usiku ule sikutaka kujua.

Asubuhi nililiosha beseni jekundu kwa sabuni mara mbili, nikaroweka ndani yake kilo kumi na mbili za mchele wa pilau.

Mafuta ya taa hujificha ndani ya plastiki. Beseni linaweza kunukia sabuni huku lenyewe limeyashika mpaka lipate maji na muda. Mchele ulinywa kila kitu. Harufu ilianza kupanda mvuke ulipokolea, na niliidhania kuwa ya jiko la jirani. Wageni walikuwa zaidi ya arobaini, wamekaa kwenye majamvi, sinia zimeshawekwa. Sheikh alichukua tonge la kwanza, akalitafuna kwa subira, akaomba maji. Mzee aliyekuwa kando yake akaweka mkono chini bila kusema neno. Wifi yangu, siku saba tu tangu ajifungue, alininong'oneza, "Wifi, pilau limeungua kwa nini?" Lilikuwa halijaungua. Tulikusanya sinia zote. Vijana wakatumwa mbio kwenye ile barabara ya Biryogo iliyofungiwa magari na kupakwa rangi, wakarudi na chapati na mishikaki na chupa za chai, kila walichokikuta. Dua ilisomwa, mtoto akapewa jina, na watu walituaga kwa wema ambao sitausahau. Kilo kumi na mbili za pilau zilizikwa nyuma ya nyumba kwa sababu hata kuku walizikataa.

Katikati ya hayo yote mama mkwe alikuwa ameshafika kutoka Rwamagana na kichanga. Akauliza mrija uko wapi, moto wa chai unafifia. Baba watoto akauleta, weusi umetoka, unang'aa kama samaki, na kwa furaha aliyokuwa nayo akamweleza mama yake mbele ya wanawake wote jikoni kitu alichokuwa akipulizia maisha yake yote.

Alikuwa hajamaliza mama mkwe alipokaa chini. Hakukaa kwenye kigoda, alikaa sakafuni. Mwaka 1994 alipoteza kaka zake wawili katika siku mia zile za mauaji ya kimbari, na tangu hapo kuna maneno ambayo ndani ya nyumba yake hayatamkwi hata kwa mchezo. Watoto wetu hawajawahi kununuliwa bunduki za plastiki. Alitazama mrija kwa muda mrefu bila kuugusa.

"Neno hilo," alimwambia mwanawe, "lisirudi jikoni kwangu."

Baba watoto alipiga magoti, akamwomba radhi. Aliomba kwa dhati, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mtoto wetu wa pili, mwenye miaka saba, alikuwa amesimama mlangoni.

Jumatatu alilipeleka madrasa. Alasiri haijaingia, jirani yetu wa ukuta mmoja alikuja bila kubisha hodi, amejifunga kanga vibaya, uso umempauka. Kuna watu wanasema kwa fundi kuna bunduki. Mimi namwelewa. Mji huu umejifunza kusikiliza, na mwanamke mwenye watoto wanne aliyesikia maneno hayo angekuwa mjinga kama angekaa kimya. Nilimkalisha, nikampa maji, nikampeleka jikoni akauona mrija. Aliufahamu mara moja, maana amewahi kuuazima. Hilo halikumtuliza. Alisema, "Mama wee, sasa nani atawaambia wote hao wengine?"

Jioni tulikaa kikao. Shemeji yangu mdogo alitaka utupwe mto Nyabarongo usiku ule ule. Baba watoto alifungua daftari. Akasoma kwamba Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha za moto inaziachia nchi ziseme zenyewe ni ipi bunduki ya kale, mradi isiwe imetengenezwa baada ya mwaka 1899, na kwamba wetu, kwa ile alama isiyo na taji, uko salama chini ya mstari huo. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa. Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho.

"Karatasi hiyo iko New York," alisema. "Jirani yuko hapa. Kitu cha jikoni hakitupwi mtoni usiku kama cha wizi. Tutakwenda nacho polisi mchana, na mkuu wa mudugudu atakuwa mbele."

Suala lililobaki lilikuwa namna ya kuubeba. Ukiufunga kwenye kitenge, unakuwa kitu kirefu kilichofungwa kwenye kitenge, na hakuna umbo linalotisha zaidi ya hilo. Kwenye pikipiki haiwezekani. Mama mkwe aliamua peke yake. Asubuhi alitoka amejitwisha jiko la makaa kichwani, mfuko wa makaa mkono mmoja, mrija mkono wa pili, wazi, kama anavyoubeba siku zote akienda kupika kwenye harusi za watu. Tulipita Biryogo yote hivyo: mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, mbele, Bibi nyuma yake, Baba watoto na daftari lake, na mimi. Watu walimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa kila mmoja.

Kwenye kituo cha polisi tulipokewa na kijana wa kiume mwenye adabu. Baba watoto alianza na mwaka 1672. Mama mkwe alimgusa bega, akatua jiko uani, akapanga makaa na kuyawasha kwa kipande cha mfuko. Moto ukashika kidogo, ukataka kufa. Akampa kijana mrija apulize. Alipuliza, pumzi ikatokea ubavuni, majivu yakamrudi.

Mama mkwe aliniangalia mimi wakati anakishika kidole gumba cha yule kijana.

Makaa yalipowaka mekundu alimweleza hoja yake, na mpaka leo sijasikia iliyo wazi zaidi. Chombo cha kupulizia lazima kiwe wazi pande zote mbili, au hakipulizi. Kilicho wazi pande zote mbili hakishiki baruti. Hakiwezi kuwa vyote viwili siku moja, na hiki kimeshachagua tangu bibi yake yule kijana hajazaliwa. Kijana alikubali kwa kichwa, lakini akasema lazima kiachwe kikaguliwe na wanaohusika. Mama mkwe akasema hivyo ndivyo inavyopaswa. Alama ya kidole chake aliyoiweka kwenye fomu ilikuwa nyeusi kwa makaa kuliko kwa wino.

Siku ishirini na nne tuliishi bila mrija. Nilidhani jambo hilo ni dogo. Baba watoto alikata bomba la maji kwa kipimo kile kile, lakini lilikuwa pana, pumzi inapotelea ndani. Tena alilitoa mwenyewe siku ya pili: mabomba yale yamepakwa zinki, na zinki ikipata moto moshi wake ni sumu, jambo ambalo kila mchomeleaji anajifunza mapema au kwa kuugua. Akajaribu mwanzi, ukaungua ncha. Mtungi wa gesi tunao, ila maharage ya saa tatu kwa gesi ni pesa nyingi. Tulipepea kwa mifuniko. Chai ilichelewa, watoto walichelewa shule, na mama mkwe akawa anaamka usiku akidhani amesikia mlango wa jiko. Kidole chake gumba kina kovu la mviringo katikati ya nyama yake, limekuwepo tangu nimjue, na siku zile alikuwa akilisugua kwa kidole cha shahada akiwa amekaa tu.

Mrija ulirudi Alhamisi, na karatasi iliyopigwa mhuri: bomba la chuma, limekatwa pande mbili, haliwezi kufyatua. Mkuu wa mudugudu aliisoma kwa sauti mbele ya majirani baada ya swala ya Ijumaa, na jirani yetu wa ukuta mmoja akawa wa kwanza kuja kuuazima.

Baba watoto alihuzunika kidogo kwamba karatasi haikutaja Liège. Jioni alifungua daftari la nane, jipya, akachora alama ile, duara na herufi tatu na nyota. Akaandika: kasiba ya gumegume, mshono mmoja, pande nane nyuma, kabla ya 1893. Kwenye mstari wa mtengenezaji alisita. Alikuwa ameukagua wote kwa kioo cha kukuzia asione jina wala herufi nyingine. Akaandika "hajulikani". Kisha akamgeukia mama yake aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo.

"Mama, nitajie walioupuliza."

Mama mkwe hakuacha kuchambua. Alimtaja bibi yake, akamtaja mama yake, akawataja shangazi wawili ambao sikuwahi kuwasikia, mmoja alikufa akiwa mwali. Akajitaja mwenyewe. Akanitaja mimi, jina langu kamili, kama siku ya kufungishwa ndoa. Nje, binti yetu mkubwa alikuwa ameinama kwenye jiko, mashavu yamejaa, kidole gumba kipo mahali pake bila kuambiwa na mtu.

"Na huyo," alisema mama mkwe. "Mwandike."

Kalamu ilikuwa imeishiwa wino, akaenda kibandani kutafuta nyingine.